Mfuko wa Nyaya Kabatini

"Dada, sauti imekufa. Njoo."

Ndivyo mdogo wangu alivyoniandikia kwenye simu asubuhi ile, nami nikaweka bisibisi chini, nikaanza kufunga banda huku wateja wamesimama mlangoni na mashine zao mikononi. Mmoja akaguna. Nikamwambia agune taratibu, nikirudi nitamsikiliza yote. Kisha nikamjibu mdogo wangu kwa kifupi: usiwashe tena, chomoa ukutani, usiguse kitu, nakuja.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mtaani wananiita Mama Chomoa, kwa sababu mtu akinipigia kulia kwamba mashine yake imezima, hajamaliza salamu nimeshamwambia achomoe kwanza. Achomoe ukutani, si kubonyeza swichi akajiona amemaliza. Wengi hucheka. Wacheke tu, umeme hauna mjomba wala shangazi, na mimi sijaja duniani kuzika wateja. Ubishi wangu huo umeniharibia urafiki na watu kadhaa, lakini wote wako hai.

Mdogo wangu naye walimwita Dalali, na hata sisi nyumbani tukaishia kumwita hivyo. Alikuwa mnadi. Mpe kabati bovu lisilofunga mlango, mpe na kipaza sauti, atalisifia mpaka mwenye kabati mwenyewe atamani kulinunua tena. Sauti yake ilikuwa nene, yenye kicheko kilichojificha chini chini, na alijua. Ukimwomba akutumie ujumbe wa sauti kwenye simu alikuwa anakataa, anakuandikia kwamba sauti yake inauzwa, haigawiwi bure. Tulicheka sana utani huo enzi hizo.

Halafu koo lake likaingiwa na ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Madaktari wakamwambia achague: koo ama roho. Wakaondoa zoloto lote, kile kisanduku cha sauti kooni, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Lakini kabla ya kisu, mtaalamu mmoja pale hospitali alimshauri arekodi sauti yake wakati bado anayo. Dalali akajifungia chumbani na kipaza sauti, akasoma sentensi baada ya sentensi, nyingine hazina kichwa wala miguu, akasoma huku koo linamchoma, akatema damu kwenye kitambaa, akaendelea kusoma. Yule mtaalamu akazichukua rekodi zile akamtengenezea programu. Tangu hapo Dalali anaandika kwenye kibodi, na spika zinasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ile, na kile kicheko chini yake.

Sasa ungeniuliza kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo, wakati angeweza kuandika kwenye karatasi watu wakasoma. Mimi ningesoma. Majirani wangesoma. Mama yetu hasomi, kwa sababu mama haoni. Presha ya macho ilimpofusha taratibu, akiwa bado fundi cherehani, mpaka siku aliyoshona mkono wa gauni mahali pa shingo akajua basi. Anaishi na Dalali nyumba moja, wawili tu. Mmoja haoni, mwingine hasemi. Waondolee ile kompyuta, na utakuwa umewafungia kila mtu kwenye chumba chake, na ufunguo hakuna.

Kila asubuhi Dalali alikuwa anamwekea mama chai, anarudi kwenye kibodi, halafu inatoka sauti: "Mama, umeamkaje? Chai ya moto, kikombe kimoja, haijaguswa. Mara ya kwanza. Mara ya pili." Na mama pale kwenye kiti chake, bila hata kutabasamu, anajibu: "Nimenunua." Ndipo sauti inasema mara ya tatu, na mama anakunywa. Nimelala kwao mara nyingi nikaamshwa na mnada huo wa chai, nikajifunika shuka usoni ili wasinisikie nikilia.

Nilipofika asubuhi ile nilimkuta mama sebuleni, amekaa wima, uso ameuelekeza kwenye mlango wa chumba cha mwanawe. Akaitambua miguu yangu kabla sijabisha. Akaniuliza ndugu yangu ana nini, mbona tangu kumekucha hajamsemesha, chai ameletewa kimya kimya kama amesusiwa. Nikamwambia mashine inaumwa, naitibu, atulie.

Dalali alikuwa chumbani amesimama mbali na meza, mikono kwapani, kuonyesha kwamba ametii. Akanieleza kwa simu yake: umeme ulikatika alfajiri, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikalia pa, kikatoka kijiharufu, kioo kikawa cheusi. Amebonyeza kitufe mara moja tu, akaacha. Nikampongeza kwa hilo, maana wengine hubonyeza mpaka wanamalizia hata kile kilichosalia.

Nikaanza na mambo madogo. Nilichomeka taa kwenye soketi ile ile, ikawaka, kwa hiyo ukuta hauna kosa. Nikabadilisha waya wa umeme, kimya. Basi nikachomoa kila kitu, nikakibonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia kidogo, ili umeme uliobaki ndani umalizike. Nikavua saa na pete. Nikagusa chuma cha sanduku la kompyuta, maana mwili nao hubeba umeme wake, na umeme huo mdogo huua vipande vidogo. Ndipo nikafungua ubavu.

Ndani mlikuwa mmepangwa vizuri kuliko kabati langu la nguo. Nyaya zote zimelazwa upande mmoja na kufungwa kwa nyuzi za cherehani za mama, nyekundu, kila fundo saizi ya lenzake. Dalali alizifunga mwenyewe alipotoka hospitali, wakati ambapo hakuwa na la kufanya ila kupanga vitu. Nikainusa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipimo. Ilinuka kuungua. Nikaichomoa nyaya zote, nikaijaribu peke yake kwa kipande cha waya, na feni yake haikutikisika hata kidogo.

Dalali akanionyesha kwa vidole kama tuifungue tuone ndani. Nikamkemea. Saplai haifunguliwi, hata ikiwa imechomolewa. Mle ndani kuna vipande vinavyoshika umeme muda mrefu, na umeme wake hautoi onyo. Inatupwa, inanunuliwa nyingine, kwisha. Akatikisa kichwa, akaandika: sauti iko salama?

Nikamwambia mara nyingi saplai hufa peke yake, diski zikabaki nzima. Nikamuuliza nakala anayo wapi. Akatabasamu kwa fahari, akanionyesha kidole ndani ya sanduku: diski ya pili, imekaa chini ya ile ya kwanza, zote mbili za aina mpya zile bapa zisizo na kitu kinachozunguka, zote kwenye mkanda mmoja wa waya.

Nilitaka kumzaba kibao. Nilimwambia amefunga ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile. Akajitetea kwa kuandika kwamba kuzipandisha rekodi mtandaoni hakuweza, ni nzito mno na yeye mtandao anaununua kidogo kidogo, na yule mtaalamu alishahama nchi, hakubakiza kitu. Na pia, akaandika, vitu vya thamani hukaa pamoja, si ndivyo mama anavyosema? Nikamwambia ikiwaka tu, jambo la kwanza ni nakala, na nakala hiyo naondoka nayo mimi. Akakubali. Tukakubaliana kabisa.

Hapo lazima niieleze nyumba ya mama, la sivyo hutanielewa. Watu husema kipya kinyemi. Kwa mama yetu kipya ni marufuku. Kipya hakifunguliwi kabla cha zamani hakijafa, na cha zamani hakifi mpaka yeye aseme kimekufa. Makochi yana nailoni zake za dukani hadi leo. Ukikaa siku ya joto, ukiinuka nailoni inainuka na wewe. Kabatini kuna vikombe vyenye vibandiko vya bei, mashuka kwenye pakiti zake, taulo zilizokunjwa na muuzaji ambaye nadhani ameshakufa. Ukimuuliza anakujibu neno moja: "Akiba haiozi." Tumekulia humo. Mimi mwenyewe na ukali wangu nina birika jipya ndani ya boksi, na natumia lile linalovuja.

Nikaenda kununua saplai. Nilichagua kwa makini, yenye nguvu ile ile, ya aina ile ile ambayo nyaya zake huchomekwa pande zote mbili, upande wa saplai na upande wa kompyuta. Muuzaji akanikumbusha nitumie nyaya zake yenyewe. Nikamwambia anamfundisha samaki kuogelea. Kila fundi anajua: plagi zinafanana, zinaingia bila kulazimisha, lakini kila kiwanda kinapanga umeme wake kinavyotaka. Tundu ambalo kwa huyu ni la umeme mdogo, kwa yule ni la umeme mkubwa.

Nilirudi jua limepanda. Nikaitoa saplai mpya kwenye boksi nikaiweka kitandani kwa Dalali, na pembeni yake mfuko wa nyaya, umefungwa vizuri na kiwanda. Nikamweleza nitakavyofanya: bodi kwanza, ule ubao mkuu wa kompyuta, peke yake. Feni ikizunguka, napima kwa mita. Vipimo vikiwa sawa, nazima, nachomoa, ndipo naunganisha diski, na diski ni mwisho. Akaitikia kwa kichwa huku macho yake yako kwenye kibodi.

Mama akaita chakula. Kwa mama chakula hakiitwi mara mbili. Nikamwambia Dalali asiguse, nakula narudi. Yeye hula vyake laini, baadaye, kwa aibu, hapendi kutazamwa. Akanipungia mkono niende.

Mezani mama hakula sana. Aliuliza kama kweli mashine itapona. Nikasema itapona. Akageuza kijiko mkononi, akasema jana jioni alikuwa anasikiliza redio, na Dalali alikuwa na maneno mengi, anamnadia kila kitu, mpaka stuli.

"Nikamwambia anyamaze kidogo, amezidi," mama akasema. "Akanijibu, sawa mama, nimenyamaza. Sasa mwanangu, isije ikawa neno langu ndilo la mwisho. Akipona tu nitamwambia aseme mpaka achoke."

Nikacheka, nikamwambia ajiandae, maana ulimi hauna mfupa na wa kwake huyu hauna hata nyama, ni umeme mtupu. Mama naye akacheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia katika habari hii.

Kisha akaacha kutafuna. Akainua uso, akavuta pumzi puani.

"Nani ameacha pasi juu ya kitambaa?"

Mimi sikunusa kitu. Nikamwambia hakuna pasi. Akasema ameshona miaka yote ile, haambiwi harufu ya nguo inayoungua. Na mimi nikainusa. Sikumbuki niliinukaje, kiti nilikikuta baadaye kimelala chali.

Chumbani kompyuta ilikuwa inawaka. Taa zote zinawaka, feni zinazunguka kwa utulivu, saplai mpya imekaa mahali pake na skrubu zote zimekazwa. Mdogo wangu amesimama mbele ya kibodi, mikono bado iko tayari kuandika, na tabasamu linamfifia usoni kidogo kidogo. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi meupe, unasema hakuna diski. Ndani ya sanduku, pale zilipokaa diski mbili, kulikuwa kunapanda uzi mwembamba wa moshi.

Nikapiga kelele achomoe. Akachomoa. Feni zikasimama, na nyumba nzima ikawa kimya.

Nikachungulia. Nyaya zilikuwa zile zile za zamani, zimelala upande wao, zimefungwa kwa nyuzi nyekundu, mafundo yote yako vile vile. Alichofanya ni kuingiza saplai mpya na kuichomeka kwenye nyaya zilizokuwapo. Ziliingia bila shida. Ziliingia vizuri kabisa.

"Nyaya mpya ziko wapi?" nikamuuliza.

Hakuonekana kunielewa. Nikarudia, sauti ikiwa juu. Akatoka, nikasikia mlango wa kabati la sebuleni ukilia, akarudi ameushika mfuko kwa mikono miwili. Ulikuwa haujafunguliwa. Alikuwa ameuweka nyuma ya vikombe vya mama, pamoja na mashuka na taulo, kwenye akiba. Akaandika kwenye simu na kunionyesha, na maneno yalikosa herufi: za zamani si bado nzima? Hazijaungua. Nilitaka ukiwa mezani usikie nikisema karibuni chakula. Nilitaka mama ashtuke.

Hapo nilitukana. Sitaki kuficha, nilitukana matusi ya banda, ya wanaume wa karakana, nilimtukana mtu ambaye hata angetaka asingeweza kunijibu. Nilimwambia nimesema usiguse, nimesema diski mwisho, nimesema kwa lugha gani. Nilimwambia umeme mkubwa umeingia kwenye tundu la umeme mdogo, diski zote mbili kwa mkupuo, nakala na mama wa nakala. Alisimama tu anapumua kupitia lile tundu la shingoni, pumzi inapiga miluzi, machozi yanashuka yanaingia kwenye kitambaa chake cha shingo.

Mama alikuwa amefika mlangoni, mkono ukutani.

"Unamgombeza nani?" akauliza. "Ni yeye? Mbona hajibu?"

Nikasema namgombeza muuzaji wa vipuri, kwenye simu.

Nilizibeba zile diski mpaka bandani. Nikazifungua chini ya lenzi. Kwenye ile ya kwanza kipande kikuu kilikuwa kimepasuka, kina kishimo cheusi katikati. Kwenye ya pili vivyo hivyo, na vile vipande vya pembeni, vile vinavyotunza kumbukumbu zenyewe, vilikuwa vimevimba. Nikajua. Lakini ukijua jambo la namna hiyo moyo hukataa, basi nikaziweka kwenye pamba nikazisafirisha kwa mtu wa mbali ambaye kazi yake ni hiyo tu, kufufua diski, mafundi wanamwita Daktari. Nikamwomba asiniambie maneno ya kunifurahisha. Tukangoja.

Siku hizo za kungoja ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu mama alikuwa anatumaini. Kila nikiingia ananiuliza Daktari amesema nini. Nikamwambia ukweli wa nusu: mashine imepona, sauti ndiyo bado. Na kweli mashine ilipona. Niliifungulia ule mfuko, nikaweka nyaya zake zenyewe, nikaweka diski nyingine, ikawaka siku ile ile, vipimo vyote sawasawa. Ilikuwa nzima kabisa na haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Daktari akanipigia. Alisema ameona nyingi, na hizi zimekwisha. Nilimuuliza hata sehemu, hata sentensi chache. Akasema dada yangu, kumeungua mpaka kwenye kumbukumbu, hakuna cha kusoma. Nikamshukuru. Maji yakimwagika hayazoleki, akaniambia, nami nilitamani kumtukana pia lakini nguvu sikuwa nazo.

Nilimwambia mama nilivyoambiwa. Akauliza swali la mtu wa kazi: kama nguo imeungua, hakuna kipande cha kitambaa kilichobaki? Tukaanza kutafuta. Kwenye simu yangu hamkuwa na hata ujumbe mmoja wa sauti ya Dalali. Ni yale yale ya sauti yangu inauzwa. Tukauliza majirani, tukauliza wateja wake wa zamani. Mmoja akapata video ya mnada, upepo mwingi, watu wanapiga kelele, na katikati Dalali anaisifia meza. Nikamwekea mama sikioni. Akaisikiliza. Akaomba irudiwe. Akaisikiliza tena na tena, ameishika simu kwa mikono yote miwili, na Dalali amekaa sakafuni karibu na miguu yake, anajisikiliza mwenyewe.

Mwishowe mama akanirudishia simu.

"Huyo anawaita wateja," akasema. "Haniiti mimi."

Nikafanya la mwisho nililolijua. Nikaweka programu ya kawaida, ile inayosoma maandishi kwa sauti iliyotengenezwa kiwandani. Nilimwambia mama kwamba sauti ni nyingine lakini maneno ni ya mwanawe, yeye ndiye anayeandika. Akakubali kujaribu. Dalali akakaa mbele ya kibodi, akaandika polepole, nami nikasoma begani kwake kabla haijatoka: Mama, umeamkaje? Ni mimi. Nisamehe. Kisha sauti ikatoka, kavu, imenyooka, sauti ya mtu anayetangaza namba za foleni benki. Mama akarudi nyuma kwenye kiti.

"Mwambieni huyo mgeni atoke," akasema.

Dalali aliizima mwenyewe. Alifuata taratibu zote nilizomfundisha, akazima, akachomoa ukutani, akaufunika ule mtambo kwa kitambaa. Hajaiwasha tena.

Asubuhi moja baada ya hapo mama akaniita kabatini. Akaniambia nifungue kila kitu. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema vikombe, mashuka, taulo, vyote, na nailoni za makochi nizichane. Nikamuuliza kwa nini leo. Akapapasa shelfu kwa vidole, akaupata ule mfuko wa nyaya, mtupu sasa. Sijui ni nani kati yetu aliyeurudisha pale. Akauminya ukalia.

"Tulikuwa tunamwekea nani?" akauliza.

Nikazichana nailoni. Zilikuwa zimeshikana na kochi kwa miaka, zilitoka vipande vipande, na chini yake kitambaa kilikuwa kimeoza. Kilikuwa kimepata ukungu kwa kukosa hewa, ukikigusa kinatoka unga. Mama akanusa, akajua. Akanyoosha mkono akaketi hivyo hivyo.

Sasa nalala kwao siku nyingi. Asubuhi Dalali anapika chai, anaitia kwenye kikombe kipya, anaiweka mezani mbele ya mama. Halafu anasimama hapo hapo mbele yake, mtu mzima, mrefu, aliyekuwa anasimamisha soko zima, na mama anaelekeza uso kwenye mlango wa chumba cha mwanawe na kuniuliza ndugu yako bado amelala? Mwanzoni nilikuwa namjibu haraka, yupo mama, yuko mbele yako. Dalali akimshika mkono, mama anausikia mkono, anaubembeleza, lakini bado anasikiliza upande ule wa chumbani.

Leo Dalali amejaribu jambo. Ameweka kikombe, akachukua kijiko, akagonga meza mara moja. Akangoja. Akagonga mara ya pili. Nilikuwa jikoni, nikaacha nilichokishika, maana niliuelewa ule mnada. Nikamwangalia mama. Nikasema moyoni, sema nimenunua, mama, sema tu, neno moja.

"Nani anagonga?" mama akauliza. "Kamfungulieni mlango."

Dalali alibaki ameshika kijiko hewani. Mara ya tatu hakugonga, kwa sababu mnadi hagongi mara ya tatu kama hakuna aliyenunua. Nikaenda mlangoni nikaufungua, nikaufunga, nikarudi nikamwambia mama kwamba hapakuwa na mtu.